Hesabu za Mkokoteni na Mizani

Katika mji wa Dar es Salaam, upande wa magharibi wa bustani za Mnazi Mmoja, pana mtaa mkubwa uitwao Kariakoo. Jina hili asili yake si Kiswahili. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza ya dunia Waingereza waliandikisha watu wengi sana wa Afrika ya Mashariki wawe wapagazi wa jeshi, na kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Majeshi ya Waingereza yalipoutwaa mji mwezi wa Septemba, mwaka 1916, wapagazi hao waliwekwa mahali pale, na wenyeji wakayageuza yale maneno mawili ya kigeni kuwa neno moja la kwao. Wapagazi walichukua mizigo kichwani na begani, katika mvua na jua, na maelfu kwa maelfu wao walikufa njiani kwa maradhi na njaa kuliko waliokufa kwa risasi.

Hivyo mtaa ulipata jina kwa kazi ya kuchukua mizigo, na kazi hiyo haijatoka hapo. Kabla ya jua kupanda, malori yenye viazi, vitunguu, nyanya, nazi na ndizi hushusha magunia na matenga, na wachukuzi huyapakia juu ya mikokoteni na kuyasukuma katika Mtaa wa Msimbazi, Mtaa wa Kongo na vichochoro vilivyo kati. Soko kubwa lililochorwa na Beda Amuli, mjuzi wa majengo wa Kitanzania, lilifunguliwa mwaka 1975. Moto uliliunguza usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na wafanya biashara wengi wakahamishiwa masoko mengine. Walakini katika mitaa inayolizunguka watu hawakuacha kupakia, kupima na kuuza.

Sasa mtoto wa shule apitaye hapo asubuhi, akiwa na madaftari kwapani, huenda hufikiri kwamba mambo yale hayana uhusiano na kazi aliyopewa na mwalimu wake. Kazi yenyewe yasema hivi: “Wenzo una urefu fulani, mzigo umewekwa mahali fulani; tafuta nguvu itakayouinua.” Mtoto huandika kanuni aliyokariri, hutia tarakimu, hupata jibu, wala hajui kama jibu lina maana au halina. Kumbe hesabu ile ile inapita mbele ya macho yake juu ya magurudumu mawili.

Angalia mkokoteni. Una jukwaa la mbao, magurudumu mawili yaliyoshikwa na mhimili mmoja katikati, na mikono miwili mirefu mbele, ambayo mchukuzi huishika. Huo ni wenzo. Mhimili ndio egemeo lake, yaani mahali penye kutulia ambapo kitu kizima chaweza kugeukia. Mzigo uko karibu na egemeo, na mikono ya mtu iko mbali. Kanuni ya wenzo ilielezwa na Archimedes, Myunani wa mji wa Syracuse, aliyeuawa mwaka 212 kabla ya Kristo mji wake ulipotekwa na Warumi. Kanuni yenyewe ni fupi: uzito wa mzigo mara umbali wake toka egemeo ni sawa na nguvu ya mtu mara umbali wake toka egemeo, ikiwa wenzo umetulia bila kuinama huku wala huku.

Haya, mchukuzi mmoja amepakia magunia mawili ya viazi, jumla kilo 200. Kitovu cha uzito wa mzigo, yaani mahali ambapo uzito wote ni kama umekusanyika, kiko sentimeta 20 mbele ya mhimili. Mikono ya mchukuzi imeshika sentimeta 160 mbele ya mhimili. Je, mikono yake yachukua uzito gani? Zidisha 200 kwa 20, upate 4,000. Gawa kwa 160, upate 25. Mtu huyu anatembea na kilo 200 za viazi, lakini mikono yake yachukua kilo 25 tu. Zile 175 zimebebwa na magurudumu. Uzito wa mkokoteni wenyewe haukutiwa katika hesabu, kwa maana mafundi huuunda hata karibu ujilinganishe wenyewe juu ya mhimili.

Mwanafunzi mwerevu ataona neno mara moja: kama kitovu cha mzigo kikisogezwa mpaka sentimeta 10 tu mbele ya mhimili, mikono itachukua nusu, kilo 12 na nusu. Na kikisogezwa mpaka juu ya mhimili wenyewe, mikono haichukui kitu. Basi kwa nini wachukuzi hawafanyi hivyo? Mtoto akimwuliza mchukuzi mzee, “Shikamoo mzee, mbona huweki magunia katikati kabisa?” atajibiwa, “Marahaba mwanangu. Weka mbele kidogo, ukiweka katikati litakuruka.” Na kweli litaruka. Kitovu cha mzigo kikisogea nyuma ya mhimili sentimeta 20 tu kwa sababu ya shimo la barabarani, mikono ya mkokoteni itapanda juu kwa nguvu ya kilo 25, na mchukuzi itambidi aining'inie kuirudisha chini. Amekwisha kuonekana mtu mwembamba akiinuliwa hata miguu yake yaacha ardhi, na vitunguu vikimwagika nyuma yake. Zile kilo chache mikononi ni bei anayolipa ili mkokoteni usimgeuke.

Jambo hili lina hesabu nyingine ndani yake, nzuri kuliko ile ya kwanza, na vitabu vingi vya mwanzo huipita. Magunia yakipangwa juu kwa juu, kitovu cha uzito hupanda. Kikiwa sentimeta 100 juu ya mhimili, kila mteremko wa barabara utakisogeza. Barabara ikiinama sehemu moja katika kumi, kitovu kilicho juu sentimeta 100 husogea sentimeta 10, kuelekea upande ulio chini. Mchukuzi apelekaye mzigo Magomeni kwa Barabara ya Morogoro hushuka kwanza katika bonde la Jangwani, kisha hupanda. Kama mwinamo ungekuwa moja katika kumi pande zote mbili, katika kushuka kitovu kingekwenda mbele, kikawa sentimeta 30 badala ya 20, na mikono yake ingechukua kilo 37 na nusu. Katika kupanda kingerudi nyuma, kikawa sentimeta 10, na mikono ingechukua kilo 12 na nusu. Na kama kupanda kungekuwa moja katika tano, kitovu kingekuwa juu ya mhimili kabisa, na kokoto moja lingetosha kuuangusha mzigo wote. Ndiyo sababu mzigo mrefu hufungwa mbele zaidi kuliko mfupi, na mtu wa pili hutembea nyuma akisukuma. Wachukuzi hawakufundishwa hayo ubaoni. Wamefundishwa na viazi vilivyomwagika.

Kabla ya kuacha mkokoteni, yafaa kutazama makosa ambayo wanafunzi hufanya, kwa kuwa makosa hayo ni yale yale kila mwaka. Wengine hugeuza kanuni juu chini: huzidisha 200 kwa 160 na kugawa kwa 20, wakapata 1,600. Wengine huandika umbali mmoja kwa sentimeta na mwingine kwa meta, 20 na 1.6, wakapata 2,500. Jibu lisemalo kwamba mtu mmoja ameshika mikononi kilo 1,600 lingemfanya muuza mihogo acheke; lakini mwanafunzi huliandika kwa kalamu nzuri, hulipigia mstari chini, na kwenda kulala. Dawa yake si kanuni nyingine. Kwanza na achore picha, hata kama ni mbaya: mstari mmoja, egemeo, mshale wa mzigo, mshale wa mikono. Pili na aandike vipimo vyote kwa namna moja, ama sentimeta zote ama meta zote. Halafu, kabla hajahesabu, na akisie: je, jibu litakuwa kubwa kuliko mzigo, au dogo? Mikono iko mbali na egemeo mara nane kuliko mzigo. Basi yatosha nguvu iliyo sehemu ya nane. Mwanafunzi aliyekwisha kufikiri hivyo hawezi kudanganywa na kalamu yake mwenyewe.

Na pale ambapo jibu la kitabu na jambo lililoonekana kwa macho hayapatani, si vyema kulikana jambo lililoonekana. Kijana mmoja wa Tanganyika, Erasto Mpemba, alipokuwa akisoma shule ya sekondari ya Magamba mwaka 1963, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Aliona kwamba maziwa yake, yaliyotiwa katika jokofu yakali moto, yaliganda mbele ya yale yaliyopozwa kwanza. Alipouliza aliambiwa kwamba amekosea, na wenzake wakamcheka. Baadaye, akisoma Mkwawa kule Iringa, alimwuliza swali lile lile Denis Osborne, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza na wanafunzi. Wanafunzi wakacheka tena. Lakini Osborne alirudi Dar es Salaam, akaagiza jambo lijaribiwe. Mwaka 1969 wale wawili waliandika habari hiyo pamoja katika jarida la walimu wa fizikia la Uingereza, na tangu hapo jambo lile laitwa kwa jina la Mpemba duniani kote. Wataalamu wangali wanabishana juu ya sababu yake, na wengine juu ya kuwapo kwake. Lakini hakuna tena amchekaye aliyeuliza.

Sasa habari za mizani. Zamani watu wa pwani walipima nafaka kwa kibaba na pishi, vibaba vinne vikiwa pishi moja. Na vitu vizito kama karafuu na pembe vilipimwa kwa frasila, ambayo Unguja ilikuwa ratli 35. Kibaba na pishi hupima nafasi ambayo kitu hujaza, hazipimi uzito. Kwa hiyo muuzaji mwenye mkono mwepesi aliweza kumimina mchele taratibu ili ulale ovyo na kuacha nafasi tupu kati ya punje, na mnunuzi akapeleka nyumbani hewa aliyoilipia. Wakati wa Waingereza ratli zilitumika madukani, na baada ya uhuru wa mwaka 1961 kilo zikashika mahali pake. Lakini kubadili jina la kipimo hakumzuii mtu kudanganya.

Mizani ya vitanga viwili ni wenzo pia. Mti wa mizani umening'inizwa au kusimamishwa katikati. Hapo ndipo egemeo. Kitanga kimoja hutiwa bidhaa, na cha pili hutiwa mawe ya mizani. Mikono yote miwili ikiwa na urefu mmoja, ulimi husimama wima uzito wa pande zote mbili unapolingana. Uzuri wa mizani hii ni kwamba uzito hushindanishwa na uzito. Kama mtu angeipeleka mwezini, ambako vitu vyote huvutwa kwa nguvu iliyo karibu sehemu ya sita ya ile ya hapa, kilo moja ya sukari bado ingelingana na jiwe la kilo moja, kwa maana vyote viwili vingepungua sawasawa.

Lakini ikiwa mikono ya mti haina urefu mmoja? Chukua mizani ambayo mkono mmoja una sentimeta 18 na wa pili sentimeta 20. Kitanga cha mkono mfupi kimefanywa kizito kidogo, kwa kipande cha risasi kilichofichwa chini yake, hata mizani ikiwa tupu ulimi husimama wima bila lawama. Mwenye kuitazama hawezi kuiona kosa. Muuzaji huweka jiwe la kilo moja upande mfupi na samaki upande mrefu. Kilo 1 mara 18 ni 18. Gawa kwa 20, upate sehemu 9 za kumi. Samaki wale, ambao ulimi wasema ni kilo moja, ni gramu 900. Ikiwa kilo moja ya samaki ni shilingi 10,000, mnunuzi ametoa shilingi 1,000 bure. Na mtu yule yule anaponunua samaki kwa mvuvi, huviweka kinyume: jiwe upande mrefu, samaki upande mfupi. Sasa kilo 1 mara 20, gawa kwa 18, ni kilo 1 na gramu 111. Mvuvi alipwa bei ya kilo moja, naye ametoa zaidi. Mizani moja, na pande zote mbili zanyonywa. Kitabu cha Mithali chalitaja jambo hili zaidi ya mara moja, dalili kwamba si ujanja wa jana.

Njia ya kuugundua ni nyepesi, wala haihitaji fundi. Mnunuzi na aseme kwa adabu, “Kaka, tafadhali hebu badilisha, samaki huku na jiwe huku.” Mizani iliyo sawa haitageuka. Mizani ya udanganyifu italala upande mmoja mbele ya macho ya watu wote.

Hapo ndipo lilipo swali ambalo huwapendeza sana wanafunzi, na hata watu wazima huligombania. Samaki mmoja mkubwa amepimwa katika mizani mbaya. Upande mmoja alionekana kuwa kilo 10. Alipohamishwa upande wa pili alionekana kuwa kilo 8 na gramu 100. Uzito wake wa kweli ni nini? Karibu kila mtu hujumlisha na kugawa kwa mbili: 18.1 gawa kwa 2, ni kilo 9 na gramu 50. Jibu hilo si sahihi. Ukiuita uzito wa kweli U, mkono mfupi F na mkono mrefu M, upimaji wa kwanza wasema U mara M ni sawa na 10 mara F. Na wa pili wasema U mara F ni sawa na 8.1 mara M. Zidisha hesabu hizo mbili pamoja: M na F zipo pande zote mbili, zajifuta. Yabaki U mara U ni sawa na 10 mara 8.1, yaani 81. Namba ijizidishayo yenyewe ikawa 81 ni 9. Samaki ana kilo 9 kamili.

Hebu jaribio moja: twaa 9, mara 20, gawa kwa 18, wapata 10. Twaa 9, mara 18, gawa kwa 20; wapata 8.1. Lakini ukiangalia vema utaona ajabu: katika upimaji wa kwanza samaki walikuwa mkono mrefu. Kwa hiyo mizani ile ile ni mwongo kwa kiasi kinachojulikana, na mwongo wa namna hiyo aweza kulazimishwa kusema kweli kwa kuulizwa mara mbili.

Muuzaji mmoja mjanja aweza kusema, “Basi tufanye haki. Unataka kilo mbili? Kilo moja nitapima upande huu, na moja upande ule. Hasara na faida zitalingana.” Maneno hayo yasikika kama haki yenyewe. Hesabu yake yasema vingine: kwanza gramu 900, kisha gramu 1,111, jumla gramu 2,011. Mnunuzi apata gramu 11 zaidi ya haki yake, na muuzaji ndiye apunjikaye! Wala si kwa mizani hii tu. Mizani yoyote yenye mikono isiyolingana, ikitumiwa hivyo, humpunja mwenye kuuza. Mwanafunzi asiyeamini na ajaribu mikono ya sentimeta 10 na 20, aone atapata kilo mbili na ngapi.

Tena ipo njia ya kupima sawasawa hata kwa mizani mbovu kabisa, bila kujua urefu wa mikono yake. Yaitwa kwa jina la Mfaransa Jean-Charles de Borda, aliyefariki mwaka 1799. Weka bidhaa katika kitanga kimoja. Katika kitanga cha pili mimina mchanga kidogo kidogo mpaka ulimi usimame wima. Kisha ondoa bidhaa, mchanga ukae pale pale, na mahali pa bidhaa weka mawe ya mizani mpaka ulimi usimame tena. Mawe yamekaa mahali palepale palipokaa bidhaa, yakashindana na mchanga ule ule, kwa mkono ule ule. Basi uzito wake hauna budi kuwa uzito wa bidhaa. Uongo wa mizani umekuwapo mara zote mbili kwa kiasi kimoja, nao umejifuta.

Siku hizi wauzaji wengi wametupa vitanga, wakatundika mizani ya springi yenye uso wa duara na mshale. Springi hurefuka kwa kadiri ya uzito unaoivuta: uzito mara mbili, urefu uliozidi mara mbili. Mwingereza Robert Hooke alilitangaza jambo hilo mwaka 1678. Mizani ya namna hii haina mikono ya kufupishwa, lakini ina mlango wake wa udanganyifu. Mshale waweza kuwekwa mbele ya sufuri kabla ya kupima, labda kwa ukosefu wa uangalifu, labda kwa makusudi. Tuseme umesimama juu ya gramu 200. Mtu anunuapo kilo 10 za nyama kwa ajili ya harusi, apunjwa gramu 200. Ni sehemu moja ya hamsini, hataisikia. Mtu anunuapo kilo moja apunjwa gramu 200 zile zile; ni sehemu ya tano. Na mtoto aliyetumwa na mama yake kununua nusu kilo apeleka nyumbani gramu 300. Amelipa fedha ya gramu 500, na sehemu mbili katika tano za fedha hiyo zimebaki sokoni.

Hapo yaonekana tofauti ya mizani hizo mbili. Yenye mikono isiyolingana huiba sehemu: kumi katika mia kwa tajiri, na kumi katika mia kwa maskini. Yenye mshale uliotangulia huiba kiasi kile kile kwa kila apimaye, na kwa hiyo humwumiza zaidi anunuaye kidogo. Naye anunuaye kidogo mara nyingi ndiye asiye na fedha ya kununua kingi. Mama apikiaye watoto watano kwa nusu kilo ya nyama hupunjwa tena kesho, na kesho kutwa. Siku thelathini, gramu 200 kila siku: kilo 6 kwa mwezi. Mtoto apelekwaye dukani na atazame mshale kabla kitu hakijawekwa, na kama haukusimama juu ya sufuri, na aseme, “Shikamoo mjomba, mshale bado haujarudi.”

Kazi ya kukagua mizani za biashara katika Tanzania Bara ni ya Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002. Wakaguzi wake huja na mawe yaliyohakikishwa, hujaribu mizani, na iliyo sahihi hutiwa alama. Nao wanapigana na jambo jingine, lumbesa: gunia lililojazwa mpaka mdomoni, kisha likaongezewa kilemba cha wavu juu, mkulima akilipwa bei ya gunia moja. Lumbesa ni udanganyifu wa pishi uliorudi kwa umbo kubwa, kwa sababu tena nafasi imeshika mahali pa uzito. Mkulima wa viazi auzaye magunia 20 kwa bei ya gunia la kilo 100, na kila moja kwa kweli lina kilo 130, ametoa kilo 600 bila malipo, sawa na magunia sita.

Magunia hayo yakifika Kariakoo hupandishwa juu ya mkokoteni. Mchukuzi aambiwa ni magunia mawili, naye apatana ujira wa magunia mawili. Kitovu cha mzigo kiko sentimeta 20 mbele ya mhimili, na mikono yake sentimeta 160, kama mwanzo. Mwanafunzi na ahesabu mikono ya mtu huyo yachukua kilo ngapi sasa, kisha azingatie kwamba kilemba cha lumbesa kimekipandisha kitovu kutoka sentimeta 100 mpaka 120, na atafute mwinamo wa barabara utakaomrusha.